Maji ya Kifuu ni Bahari ya Chungu: Tangi Dogo au Kubwa katika Historia ya Kufuga Matumbawe

Utangulizi

Mwaka jana, mwezi wa saba, kaka yangu anayeishi Liège, Ubelgiji, alinitumia picha mbili kwa simu. Ya kwanza ilikuwa ya tangi jipya la kioo la lita 100. Ya pili ilikuwa ya tangi la lita 400 lililokwisha kutumika. Mwenyewe alikuwa anahama nyumba na alitaka kuliuza upesi. Chini ya picha kaka aliandika: "Mdogo wangu, wewe ndiye unayesoma historia. Niambie waliotangulia walichagua lipi."

Nilicheka. Kwangu historia ilikuwa habari za wafalme, mikataba na vita, si za vioo vya samaki. Lakini kaka hakuwa anatania. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa na tangi lake la kwanza la maji ya chumvi, la lita 60, lenye samaki watano na vipande vichache vya matumbawe. Ijumaa moja jioni alikwenda kazini, akaunganisha zamu mbili, kisha akalala kwa rafiki. Samaki mmoja alikufa nyuma ya mawe asionekane. Jumatatu asubuhi kaka alikuta maji meupe kama uji, na hakuna kilichokuwa hai. Akiba ya miezi mingi ilikwenda na maji. Hata hivyo alichonieleza kwenye simu hakikuwa habari za fedha. Aliniambia: "Usimweleze baba."

Sababu ya kuficha ni hii. Sisi ni watoto wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika. Baba yetu kwa miaka mingi alizamia kuwakamata samaki wa rangi wanaouzwa Ulaya na Marekani. Biashara hiyo ilipata sura yake hapa Burundi baada ya mwaka 1971, pale Mbelgiji Pierre Brichard alipohamia Bujumbura na kuanza kuwasafirisha samaki hao. Mwaka 1978 akachapisha kitabu kikubwa kuhusu samaki wa ziwa letu. Baba alifanya kazi kwa msafirishaji mwingine, baadaye. Kwake yeye samaki aliyekufa kwa uzembe ilikuwa aibu kuliko mshahara uliokatwa.

Kwa hiyo niliamua kulijibu swali la kaka kama mwanafunzi wa historia anavyopaswa, kwa kuwafuata waliotangulia. Katika insha hii nitaonyesha kwamba swali la "dogo au kubwa" ni la zamani kama tangi lenyewe. Nitaonyesha pia kwamba jibu ambalo wafugaji wote hulirudia, yaani "nunua kubwa kadiri uwezavyo", ni nusu ya ukweli. Mimi mwenyewe nilianza kwa kuliamini jibu hilo, nikampa kaka, kisha ikanibidi kulirudisha.

Mtungi wa London

Watu wamefuga samaki wa maji baridi tangu kale. Kuwaweka viumbe wa bahari hai mbali na bahari, ndani ya chombo cha kioo, ni jambo la karne ya 19. Mwaka 1832, huko Messina katika kisiwa cha Sicily, mwanamke Mfaransa aitwaye Jeanne Villepreux-Power alitengenezesha masanduku ya kioo ili amchunguze mnyama mmoja wa jamii ya pweza mwenye kombe. Alitaka kujua kama mnyama huyo hulijenga kombe lake mwenyewe au huliiba kwa mwingine. Kwa kumtazama ndani ya kioo alithibitisha kwamba hulijenga mwenyewe. Lakini Villepreux-Power alikuwa na bahari mlangoni. Maji yakichafuka, mengine yapo.

Anayetuhusu zaidi ni Anna Thynne wa London, kwa sababu yeye alikuwa mbali na bahari kama kaka yangu. Mwaka 1846 alikuwa Torquay, kusini mwa Uingereza, akaona matumbawe madogo ya mwambani akayapenda. Yalikuwa matumbawe ya maji baridi, yasiyotegemea jua kama yale ya pwani ya Afrika Mashariki. Ili yasigongane njiani, aliyashona kwa sindano na uzi juu ya sifongo kubwa, akayaweka katika mtungi wa maji ya bahari, akasafiri nayo hadi London. Huko maji ya bahari yalikuwa machache. Badala ya kuyabadilisha kila mara, alimwagiza mtumishi wake ayamimine kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, kwa nusu saa au zaidi, ili yapate hewa. Mwaka uliofuata aliongeza mimea ya bahari. Matumbawe yake yaliishi na kuzaa.

Nilipoyasoma hayo nilijiuliza: tangi la Thynne lilikuwa na lita ngapi? Kisha nikaona kwamba hilo halikuwa swali la msingi. Ukubwa halisi wa tangi lake ulikuwa mikono ya yule mtumishi, ambaye jina lake halitajwi katika habari nilizosoma. Mtumishi angeugua wiki moja, mtungi ungekufa.

Mwaka 1850 mkemia Robert Warington aliieleza kisayansi siri iliyokuwa ndani ya mambo haya: mmea hutoa oksijeni, samaki huitumia, na konokono hula kinachooza, hivyo maji hukaa safi muda mrefu bila kubadilishwa. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London, katika Regent's Park, ilifungua nyumba ya samaki kwa umma. Mwaka 1854 Philip Henry Gosse alichapisha kitabu kilichoeneza neno lenyewe, akwariamu. Kodi ya vioo ilikuwa imefutwa Uingereza mwaka 1845, kwa hiyo kioo kilikuwa rahisi, na reli ilifikisha watu pwani kwa siku moja. Kila sebule ya mwenye uwezo ikataka bahari yake ndogo.

Matangi mengi kati ya hayo yalikuwa madogo, na wenye matangi walikuwa wageni wa kazi hiyo. Viumbe walikufa, na watu wakarudi pwani kuchota wengine. Mwana wa Gosse, Edmund, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1907 jinsi mabwawa ya mwambani aliyoyajua utotoni yalivyoporwa na waokotaji, na jinsi jambo hilo lilivyomhuzunisha baba yake, ambaye vitabu vyake ndivyo vilivyowapeleka watu huko. Hapa niliweka kitabu chini. Kumbe hesabu ya tangi dogo haiishii ndani ya kioo. Kila tangi linalokufa hudai tangi jingine kutoka baharini.

Bwawa la gizani

Mtu wa kwanza kulichukua swali la ukubwa kama swali la ufundi alikuwa William Alford Lloyd. Alianza na duka la vifaa vya akwariamu London, akauza hata maji ya bahari. Baadaye aliitwa kusimamia akwariamu ya umma ya Hamburg, iliyofunguliwa mwaka 1864, na mwaka 1871 ile ya Crystal Palace, London.

Lloyd alielewa jambo ambalo wengi hawakulielewa. Mtazamaji anaona tangi la mbele tu, lakini uhai wa tangi hilo unategemea maji yote yanayozunguka, hata yale yasiyoonekana. Kwa hiyo chini ya jengo la Crystal Palace palijengwa bwawa kubwa la maji ya bahari, kubwa kuliko matangi yote ya maonyesho yakijumlishwa. Lilikuwa gizani ili mwani usiote na joto lisipande na kushuka. Mashine za mvuke zilipandisha maji kutoka bwawani, yakapita katika matangi, yakarudi chini. Maji hayakutupwa, yaliendelea kuzunguka.

Kwa maneno mengine Lloyd alikataa kuchagua. Alikuwa na tangi dogo la macho na tangi kubwa la uhai. Wafugaji wa leo wanapoweka chombo cha pili ndani ya kabati, chini ya tangi, wakakificha humo pampu na chujio, wanarudia wazo lake kwa kipimo cha nyumbani, hata kama hawamjui.

Wakati nilipofika hapa nilikuwa tayari nimemjibu kaka: chukua lile la lita 400. Nilidhani Lloyd ananiunga mkono. Sikuwa nimemsoma vizuri.

Bahari mlangoni

Matumbawe ya kitropiki yalichelewa sana kuingia katika matangi. Yanahitaji mwanga mkali, kwa sababu ndani ya miili yao kuna mwani mdogo sana unaowalisha kwa nguvu ya jua. Yanahitaji pia maji safi na yenye chokaa ya kutosha kujenga mifupa yao. Hadi katikati ya karne ya 20, mtu aliyetaka mandhari ya mwamba nyumbani kwake aliweka mifupa myeupe ya matumbawe yaliyokufa, akawaachia samaki wazunguke makaburini.

Mwaka 1956 René Catala alifungua akwariamu mjini Nouméa, Kaledonia Mpya, ambako matumbawe hai yalistawi mbele ya watazamaji. Siri yake haikuwa ukubwa wa vioo. Maji ya bahari yaliingia na kutoka bila kukoma. Tangi la Catala lilikuwa dirisha tu; tangi lenyewe lilikuwa Bahari ya Pasifiki.

Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Indonesia aliandika katika jarida moja la Marekani kuhusu njia yake aliyoiita ya asili. Aliweka katika tangi mawe yaliyotoka baharini yakiwa bado na viumbe wake, maji ya bahari, mwanga wa jua na mapovu ya hewa. Basi. Hakuwa na mitambo mikubwa. Mawe hayo yalikuwa na bakteria wanaoivunja sumu ya amonia inayotoka kwenye kinyesi na mizoga. Wengi wa nchi za baridi walimwiga wakashindwa, kwani mawe yaliwafikia baada ya safari ndefu yakiwa yanaoza, na madirisha yao hayakuwa na jua la Jakarta. Lakini wazo lilibaki: kazi ya kusafisha maji hufanywa na viumbe wadogo walio ndani ya mawe, na maji ni njia yao tu.

Chokaa ya Berlin, miche ya muhogo

Wazo hilo lilipata kwao Ujerumani. Katika miaka ya 1970 wafugaji wa Berlin, na hasa Dietrich Stüber, waliunganisha mambo matatu: mawe hai, taa kali, na mtambo unaopiga maji kwa hewa hadi uchafu unapanda kama povu na kutolewa kabla haujaoza. Mwenzao Peter Wilkens, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1973, alifundisha kuyaongezea matumbawe maji ya chokaa ili yapate kujenga mifupa.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kupita hapo bila kusimama. Katika pwani yetu ya Waswahili, Kilwa, Lamu na Unguja, watu walichoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea nyumba na misikiti. Huko Berlin walichukua chokaa na kuirudisha kuwa matumbawe.

Jambo la pili la Stüber linanigusa zaidi. Tumbawe lake moja la matawi lilikua vizuri hata akaanza kulikata vipande na kuwagawia wenzake. Kila kipande kiligandishwa juu ya jiwe, kikakua, kikakatwa tena. Vipande vya tumbawe hilo vilienea katika matangi ya watu wengi, nao wakaliita kwa jina lake. Nilipomweleza mama jambo hili hakushangaa. Alisema, "Si kama miche ya muhogo? Unakata kijiti, unampa jirani." Ndivyo hasa. Kuanzia hapo mfugaji hakulazimika tena kurudi pwani kila tangi lilipokufa. Aliweza kurudi kwa jirani. Huzuni ya Gosse ilipata angalau dawa moja.

Mwaka 1986 George Smit aliandika mfululizo wa makala Marekani yaliyoeneza wazo la mwamba mdogo wa nyumbani, na hobi hiyo ikasambaa kwa watu wa kawaida. Karibu na wakati huohuo, mwishoni mwa miaka ya 1980, Jean Jaubert alisimamisha katika Jumba la Makumbusho la Bahari la Monaco tangi la lita 40,000 lenye matumbawe kutoka Djibouti, upande wetu wa Afrika. Chini ya mchanga aliacha nafasi ya maji yaliyotulia, ambako bakteria wasiohitaji hewa huondoa naitrati. Tena siri ilikuwa chini, mahali pasipoonekana.

Kubwa kupita yote

Kama ukubwa peke yake ungetosha, basi Biosphere 2 ingekuwa ushindi mtupu. Ni jengo la vioo katika jangwa la Arizona, Marekani. Ndani yake palikuwa na shamba, msitu, na bahari ndogo ya lita zaidi ya milioni mbili na nusu, yenye mwamba wa matumbawe. Mwezi wa tisa mwaka 1991 watu wanane walifungiwa humo kwa miaka miwili.

Bahari hiyo ilikuwa kubwa mara maelfu kuliko tangi lolote la sebuleni, lakini hewa iliyoizunguka ilikuwa imefungwa. Udongo wa shamba ulitoa kaboni dioksidi nyingi, gesi hiyo ikaingia majini, na maji yakaelekea kuwa makali. Wakaazi walilazimika kuongeza dawa majini ili kuyatuliza, na kuuondoa mwani kwa mikono. Tunarudi kwa mtumishi wa Anna Thynne. Baadaye watafiti waliitumia bahari hiyohiyo kuonyesha kwamba kaboni dioksidi ikizidi, matumbawe hujenga mifupa polepole zaidi.

Hata Bahari ya Hindi ina mipaka. Mwaka 1998 maji ya pwani ya Kenya na Tanzania yalipata joto kupita kiasi, na sehemu kubwa ya matumbawe ilipauka na kufa. Tangi kubwa linachelewa kuharibika. Halikatai kuharibika.

Hesabu ya lita 100 na lita 400

Baada ya hapo nilichukua kalamu, kwa kuwa historia bila hesabu ingemwacha kaka palepale.

Tangi la lita 100 lina sentimita 60 kwa 40, na kimo cha 42. La lita 400 lina sentimita 130 kwa 55, na kimo cha 56. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Kujaza dogo kunahitaji kilo tatu na nusu za chumvi. Kubwa linahitaji kilo 14. Kila linapobadilishwa fungu la kumi la maji, dogo linataka lita 10 mpya, kubwa lita 40. Kubwa likijaa, pamoja na kioo na mawe, linapita nusu tani. Kaka anaishi ghorofa ya tatu katika nyumba ya kupanga.

Sasa tutazame hatari. Tuseme samaki mmoja wa ukubwa uleule amekufa mafichoni. Amonia yake katika lita 400 imetawanyika mara nne zaidi. Hapo kubwa linashinda wazi, na hapo ndipo msemo wa "nunua kubwa" ulipozaliwa. Mtoto akimwaga kopo zima la chakula, vilevile.

Lakini tuseme maji yanakauka kwa hewa. Maji hukauka kupitia uso, na uso wa tangi kubwa ni karibu mara tatu ya uso wa dogo. Dogo likipoteza lita 3 kwa siku, kubwa litapoteza karibu lita 9. Katika dogo chumvi itapanda kutoka gramu 35 hadi 36 na kidogo. Katika kubwa hadi karibu 35.8. Tofauti ipo, lakini si mara nne. Anayesahau kuongeza maji matamu kwa wiki moja ataumizwa na yote mawili.

Na tuseme, kama ilivyo kawaida ya binadamu, mwenye tangi kubwa anaweka samaki mara nne zaidi. Hapo faida imekwisha kabisa. Umeme ukikatika, samaki ishirini katika lita 400 wanaimaliza oksijeni kwa kasi ileile ya samaki watano katika lita 100. Kumbe yako makosa ya aina mbili. Kosa lenye kipimo chake, kama mzoga mmoja, hupungua makali katika maji mengi. Kosa linalokua pamoja na tangi, kama tamaa, halipungui.

Lloyd sasa nilimwelewa. Bwawa lake la gizani lilikuwa na faida kwa sababu halikuwa na samaki wa kuonyesha. Maji yaliyomo yalikuwa kwa ajili ya viumbe wa juu tu. Lile tangi la lita 400 kaka angelijaza. Namjua ndugu yangu.

Mfuko wa baba

Mwezi wa nane nilikwenda Rumonge. Sikutimiza ahadi ya kuficha. Nilimweleza baba yote. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza swali moja: "Anataka kuweka samaki wangapi?"

Nikasema sijui, labda wengi, tangi ni kubwa.

Baba akaniuliza kama nakumbuka mifuko. Nilikumbuka. Samaki aliyekamatwa chini sana hupandishwa polepole, la sivyo kibofu chake cha hewa humvimba. Akifika juu hukaa kwenye pipa siku mbili bila chakula, ili asichafue maji safarini. Kisha huwekwa katika mfuko wa plastiki, theluthi moja maji, theluthi mbili oksijeni, mfuko unafungwa na kupangwa kwenye sanduku. Hivyo ndivyo samaki wa Rumonge alivyofika Ulaya akiwa hai, katika maji yasiyojaza sufuria.

"Mfuko ni mdogo kuliko tangi lolote," baba akasema. "Lakini tulijua nini kimo ndani na nini hakimo. Na tulijua ni kwa siku ngapi. Waliokufa mikononi mwetu ni wale tuliowabananisha wawiliwawili ili tuokoe nafasi ya ndege."

Wahenga wanasema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Nimeusikia msemo huo tangu shule ya msingi, nikidhani ni wa kuwatuliza maskini waridhike na kidogo. Siku ile niliusikia kama kipimo. Kifuu ni bahari iwapo aliye ndani ni chungu. Ukimweka kambale, ni kifuu tu.

Hitimisho

Nilimwandikia kaka jibu la pili. Nilimwambia kwamba waliotangulia hawakuchagua kati ya dogo na kubwa, au walipochagua hivyo tu walishindwa. Waliofaulu walijiuliza mambo matatu: maji yote yanayozunguka ni kiasi gani, pamoja na yasiyoonekana, viumbe watakaoyatumia ni wangapi, na nani atakuwepo siku mambo yakiharibika. Thynne alikuwa na mtumishi, Catala alikuwa na Pasifiki, Lloyd alikuwa na bwawa la gizani. Yeye ana zamu za usiku, sakafu ya ghorofa ya tatu na bili ya umeme.

Kaka alinunua lile la lita 100. Ndani ya kabati, chini yake, aliweka pipa la lita 80 lisilo na samaki, maji yanashuka na kupanda. Miezi mitatu hakuweka samaki hata mmoja, mawe tu, akisubiri bakteria. Kisha akaweka samaki wawili waliozaliwa katika matangi, si waliokamatwa mwambani. Matumbawe alipewa vipande na mzee mmoja Mbelgiji anayeyakata kama miche. Kipande kimoja kilikufa mwezi wa pili. Vingine vinne vinaishi hadi ninapoandika.

Sidai kwamba nimemfundisha mtu kufuga matumbawe. Nimejifunza kwamba swali dogo la duka linaweza kufungua miaka karibu 200 ya watu waliobeba bahari mikononi, na kwamba wengi wao walikwama kwa kuutazama ule upande wa kioo unaong'aa. Wanafunzi wenzangu wakiniuliza historia inafaa nini nyumbani, nitawaeleza habari za pipa la lita 80 kabatini mwa kaka yangu.

Wiki iliyopita kaka alituma picha. Nilimwonyesha baba kwenye simu. Aliisogeza karibu na macho, akahesabu kwa kidole: mmoja, wawili. Akanirudishia simu.

"Wanatosha," akasema.